Chumba cha Nane kwa Tano

Jumanne ya kesi yake, mwalimu alipiga pasi sketi ya bluu, akajaza maji kwenye chupa, akashusha jalada kutoka juu ya kabati na kulipangusa vumbi kwa kiganja. Sketi hiyo ilikuwa imekwenda mahakamani mara kumi na moja. Mara saba kesi ilipigwa kalenda kabla mwenye sketi hajakaa, mara mbili jaji alikuwa na homa, mara moja funguo za ukumbi hazikuonekana, na mara moja ilisikilizwa kwa dakika sita.

"Ukirudi pitia sabuni," mama yake alimwambia kutoka kitandani, amenyoosha miguu. "Wakikupa kazi, wakikunyima, nguo zitafuliwa."

Alikuwa mwalimu kwa kila mtu isipokuwa kwa serikali. Huu ulikuwa mwaka wa sita anafundisha darasa la nne kwa kujitolea, na wazazi walimchangia walichokuwa nacho, ambacho mara nyingi kilikuwa salamu. Mtihani wa ajira wa Tume inayoajiri walimu ulikuwa na maswali mia moja na alama ya kupita ilikuwa sitini. Yeye alipata hamsini na tisa.

Alama iliyopungua ilikuwa imelala kwenye swali la thelathini na mbili. Chumba cha darasa kina urefu wa mita nane na upana wa mita tano. Eneo lake ni mita za mraba ngapi? Majibu ya kuchagua yalikuwa manne: kumi na tatu, ishirini na sita, arobaini na tano, themanini. Watahiniwa wengine walitazama dari, wakatazama karatasi, wakasiliba kwa penseli kiduara cha tatu kwa kuwa ndicho kilichokaribia, wakaendelea na maisha yao. Yeye alifanya kosa ambalo ni mwalimu tu angelifanya. Alilisahihisha swali. Aliikata ile arobaini na tano kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika arobaini pembeni, akatia na alama ya vema, kama anavyofanya kwenye madaftari kila siku ya Mungu. Kiduara hakusiliba hata kimoja. Mashine ya Tume haisomi pembeni.

Tangu hapo walimu wenzake walimwita Mwalimu Arobaini. Mwanzoni alinuna, baadaye akawa anaitika.

Kesi walikuwa wameifungua watu tisa walioangushwa na swali hilo. Mmoja alifungua duka la kinyozi, mmoja aliolewa mji mwingine, na waliobaki walichoka kimya kimya, bila kumuaga mtu. Akabaki yeye na jalada.

Jumanne hiyo kesi ilisikilizwa. Wakili wa Tume alieleza kwamba jopo la wataalamu watano lilikaa siku tatu likalitazama swali hilo, na likathibitisha kwamba jibu ni arobaini na tano. Hati ya kiapo ilikuwa imeambatanishwa.

"Mheshimiwa," mwalimu alisema, "nane mara tano ni arobaini. Mtoto wa darasa la tatu anajua."

"Mtoto wa darasa la tatu si mtaalamu wa Tume," wakili alijibu, wala hakusema kwa ubaya.

Jaji alivua miwani akasugua macho. Alibakiza miezi minne astaafu na hakutaka kwenda nyumbani na swali hilo kichwani. Aliamuru kitafutwe chumba cha darasa cha mita nane kwa tano, kipimwe, na mahakama ishuhudie kwa macho yake. Karani alipiga simu mbili tatu. Chumba cha karibu kilikuwa kile cha darasa la nne, cha mwalimu mwenyewe.

Alhamisi watoto walitolewa nje na madawati yao. Mahakama ilileta fundi seremala, naye alikuja na vipande hamsini vya plaiwudi alivyovikata kwa mita moja kila upande. Kwanza alipima kuta kwa futi yake ya chuma, mara tatu. Urefu nane, upana tano. Kisha akaanza kupanga vipande sakafuni kutoka mlangoni, mstari kwa mstari, huku jaji amesimama kwenye kizingiti na wakili akijipepea kwa bahasha.

Alipoweka cha arobaini alisimama, akajifuta jasho. Sakafu ilikuwa bado ipo. Akaweka cha arobaini na moja, na cha pili yake, na vingine vitatu, mpaka akafika ukuta wa nyuma. Vilienea vyote, bila kupandana na bila kubanana.

"Ni vingapi?" jaji aliuliza.

"Arobaini na tano, Mheshimiwa."

"Na kuta?"

Fundi alipima tena. "Nane kwa tano."

"Niandike kwa tarakimu au kwa maneno?" karani aliuliza.

"Andika vyote viwili."

Wakili alitazama saa. Mwalimu alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye maungio ya vipande moja baada ya jingine, akitafuta palipopandana, jinsi anavyotafuta mahali mtoto alipokosea kwenye hesabu ndefu. Hakupaona. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kubisha kulimshinda. Shauri lilitupwa hapo hapo, chini ya kivuli cha paa la darasa, na jaji akamwambia, "Mwalimu, hukukosea sana," akaingia kwenye gari.

Alirudi nyumbani na sabuni. Mama yake alikuwa amekaa kitandani magoti yamemfika kidevuni.

"Kabati limenisogelea," mama alisema. "Nilikuwa nimejinyoosha zangu, likaja."

Walikuwa wamepanga chumba kimoja cha mita nne kwa tano, wanalala humo, wanapika humo. Mwalimu aliomba futi kwa jirani, akapima. Nne kwa tano, kama siku waliyohamia. Lakini mlango wa kabati haukufunguka tena hadi mwisho, na kati ya kitanda na meza mtu alipita kwa ubavu.

Jumamosi alimwomba yule fundi apite na vipande vyake. Fundi alivipanga kwa utaratibu ule ule. Kumi na tano vilijaza chumba. Cha kumi na sita alibaki nacho mikononi pale mlangoni, anatafuta pa kukiweka.

"Vitu haviongezeki hivi hivi, mwalimu," alisema. "Vinatoka mahali."

"Kwa hiyo zile tano wamezitoa hapa."

"Mimi napima tu."

"Basi baba, kama unapima tu, tusaidie kutoa hili kabati," mama alisema.

Walilitoa wakaliweka kwenye ujia. Mwenye nyumba alikuja kulalamika kuhusu ujia, na alipoelezwa habari ya mita tano alisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akasema yeye anapangisha vyumba, hapangishi mita.

Shuleni, mwalimu mkuu hakuwa mtu wa kulaza damu. Kufikia Jumatatu alikuwa ameshaingiza madawati matano kwenye eneo lililoongezeka, na kwenye madawati hayo wakakaa watoto kumi na watano waliokuwa wakisomea nje. Hao walikuwa wamesoma mwaka na nusu dirishani, wamesimama juu ya matofali, wakiona nusu ya ubao. Mvua ikinyesha waliambiwa waende nyumbani. Sasa walikuwa ndani, na mmoja wao, msichana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alishangaa jambo moja tu katika mambo yote: kwamba ubao ulikuwa na upande wa kushoto.

Mwalimu aliwafundisha kama wengine. Alikata rufaa pia, kwa sababu fomu zilikuwepo na alishazoea kujaza fomu.

Miezi mitatu baadaye, wakili wa msaada wa kisheria, binti mdogo mwenye mkoba mkubwa, alimfuata shuleni mbio mbio. Alikuwa amepata muhtasari wa kikao cha lile jopo la wataalamu. Katika ukurasa wa nne waliandika wenyewe kwamba tarakimu ilikosewa wakati wa kuchapa, na kwamba kwa kuwa matokeo yalishatangazwa, ni vema jibu likabaki lilivyo.

"Dada, hii tumeshinda," wakili alisema. "Tarehe ni mwezi ujao. Unapewa alama yako, unaajiriwa. Wala hawana pa kutokea."

"Na darasa?"

"Darasa lipi?"

"Lile la nane kwa tano."

Wakili alifikiri. Lilikuwa swali la haki na alilijibu kwa uaminifu. "Mahakama ikisema ni arobaini, litakuwa arobaini. Hukumu ni hukumu."

Kesho yake mwalimu mkuu alimwita ofisini, akarudishia mlango, akampa kiti chake mwenyewe.

"Nimesikia habari njema," alisema. "Sikuingilii, mwalimu. Haki yako ni yako. Nauliza tu, wale kumi na watano nitawaweka wapi?"

"Nje. Walikokuwa."

"Mvua zinaanza."

"Najua."

"Mwezi ujao huo huo."

"Mkuu, nimesema najua." Alihisi hasira inampanda mpaka masikioni, hasira ya miaka, na hakuwa na mtu wa kumtolea isipokuwa mzee huyu aliyempa kiti. "Tume wangejenga darasa jingine."

"Wangejenga," mwalimu mkuu alisema. Wakatazamana, nusura wacheke.

Nyumbani alimweleza mama kila kitu. Mama alisikiliza huku amejikunja upande wa ukutani. Tangu siku ya plaiwudi hakuwa amelala na miguu iliyonyooka hata mara moja, na asubuhi alihitaji kushikwa mikono miwili ndipo asimame.

"Mimi magoti yangu yameshazoea," alisema.

"Mama, unadanganya."

"Nadanganya, ndiyo. Sasa nikwambie kweli? Kweli ni kwamba yanauma." Aliyasugua kwa kiganja. "Lakini usinisingizie mimi, wala usiwasingizie wale watoto. Waliokosea wapo, wana ofisi, wana viti vya kuzunguka. Wewe fanya utakalofanya, ila ujue kosa ni la nani."

Mwalimu alijua kosa ni la nani. Alilijua kwa miaka mitatu, na halikumsaidia kitu.

Wiki ya mwisho ya mwezi alipiga pasi sketi ya bluu akaenda masjala ya mahakama. Karani, aliyeandika arobaini na tano kwa tarakimu na kwa maneno, alimtambua, akamuuliza hali ya mama. Akampa fomu ya kuondoa rufaa. Ilikuwa na ukurasa mzima wa majina na namba, na chini kabisa mstari mfupi wenye urefu wa vidole viwili: sababu ya kuondoa.

Alisimama na kalamu muda mrefu hadi waliokuwa nyuma yake wakaanza kukohoa. Kisha akaandika: mvua.

Karani alisoma, akagonga muhuri.

Mvua zilianza siku nne baadaye, na zilinyesha kweli kweli. Paa la bati lilipiga kelele hata ikabidi afundishe kwa sauti ya kupaza. Somo la siku hiyo lilikuwa eneo. Alichora mstatili ubaoni, akaandika nane upande mmoja na tano upande mwingine, kwa kuwa ndivyo kitabu kilivyotaka.

"Ni ngapi?"

"Arobaini!" madawati ya mbele yalijibu kwa pamoja.

"Vizuri sana," alisema, akaandika arobaini. Aliona raha ambayo hakuwa ameionja siku nyingi.

Madawati matano ya nyuma hayakuitikia. Watoto kumi na watano walikuwa wameinamisha vichwa, wanatazama sakafu chini ya ndala zao. Msichana mwenye miwani ya uzi alinyoosha mkono.

"Mwalimu."

"Sema mwanangu."

"Kama ni arobaini, sisi tumekaa wapi?"

Hakuuliza kwa ujeuri. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua, na kwa sababu nje ya dirisha matofali waliyokuwa wakisimamia yalionekana, yamezama nusu kwenye maji. Darasa zima lilimsubiri mwalimu. Alitazama ubao, akatazama nyuma, akahesabu vichwa kimoja kimoja, ingawa alijua ni vingapi. Kisha akafuta arobaini kwa kiganja, akaandika arobaini na tano, akatikisa chaki mkononi.

"Andikeni hivyo," alisema.

Wakaandika.

Jioni alibeba madaftari sitini na saba mpaka nyumbani, amelifunika furushi kwa kanga. Meza walishaiuza, kwa hiyo alisahihishia kitandani, mgongo ukutani, madaftari mapajani. Alitia vema moja baada ya jingine, haraka, bila kufikiri, na kalamu nyekundu haikumgomea. Karibu na mwisho alifungua daftari la mtoto wa dawati la mbele, mtoto mkaidi mwenye mwandiko mzuri. Mtoto huyo hakuwa amefuta. Alikuwa ameandika arobaini, na chini yake, kwa penseli, ameonyesha njia: tano, kumi, kumi na tano, ishirini, hadi mwisho, mara nane, bila kosa.

Mwalimu alilishika daftari hilo mpaka chai yake ikapoa. Mtoto huyu naye siku moja angekaa kwenye mtihani wa Tume. Akaikata ile arobaini kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika arobaini na tano pembeni, akalifunga.

"Umemaliza?" mama aliuliza.

"Nimemaliza. Sogea kidogo nilale."

Mama akakunja magoti, akampisha.