Kitufe Kinachogoma

Ami Obeid ana kawaida yake katika duka la Nyakabiga ninakomsaidia kuuza: ndugu akipenda kitu, hukipeleka nyumbani kukijaribu, na baada ya swala ya Ijumaa hukirudisha au hukinunua. Ila kikifunguliwa skrubu, kimeshanunuliwa. Hilo halijadiliwi.

Mimi nilichukua gemu mbili za mkononi, zote kuukuu, kwa ajili ya Baba. Tangu apatwe na kiharusi, mkono wake wa kulia ulilala pajani kama kitu cha mtu mwingine. Mtaalamu wa viungo alituonya kwamba kidole gumba kisipofanyishwa kazi sasa, hakitarudi tena. Mpira wa kuminya aliompa, Baba aliutupa uvunguni.

"Hiyo kubwa ni sinema," Ami alinitania. "Hiyo ndogo ni redio ya bibi yako. Chagua vizuri, mama."

Kuchagua! Nilikuwa nimechoka hata kuchagua mtandio. Kila jioni narudi nyumbani Mutanga Nord kwa miguu, nawasha mkaa, namwosha Baba, namlisha, na umeme wiki ile ulikuja kama mgeni mwenye haraka.

Gemu kubwa ilipendeza. Kioo chake kilimeremeta, magari yakikimbizana milimani, na vitufe vilibonyea ukivigusa tu. Lakini ilikuwa nzito, ilitaka mikono miwili, na chaji iliisha hujaanza kufurahi. Ndogo ilitumia betri za tochi, zisizokosekana duka lolote la mtaani, na ilikuwa nyepesi. Lakini kioo chake hakikuwa na mwanga, mpaka ukae dirishani, na kitufe kimoja kiligoma.

Nilianza kwa kumpa ile kubwa. Ikamponyoka, ikaangukia godoro.

"Iko muzito," alisema. "Na mi apana mutoto, Houda. Kesho utaniletea biberon ya maziwa."

"Ni kwa ajili ya kidole, Baba."

"Kidole kimekufa. Ukiache kipumzike."

Nikatoka, nikakaa kando ya jiko. Sikulia. Kulia nako kunataka nguvu.

Alhamisi niliporudi umeme haukuwepo, na gemu kubwa ilikuwa imezimika. Jua lilikuwa bado dirishani. Nikamwekea Baba ile ndogo mapajani, nikaenda kuosha vyombo. Nikamsikia akisonya. Akasonya tena.

"We Houda! Nani anauza hii takataka? Butoni inagoma."

"Nitairudisha kesho, Baba."

"Kurudisha nini? Leta turnevisi. Ile kadogo."

Baba alikuwa fundi wa malori. Hajawahi kulala na kitu kibovu ndani ya nyumba. Nilijua bisibisi ikigusa skrubu tu, gemu mbovu ndiyo itakayokuwa yetu. Nikampa.

Alizungusha kwa mkono wa kushoto. Gemu ikateleza. Akajaribu tena, ikateleza tena. Ndipo mkono wa kulia ukainuka taratibu, na kidole gumba kikaikandamiza gemu kwenye goti, ikatulia.

Mwenyewe hakuona. Macho yake yalikuwa kwenye skrubu.

"Sogea," alisema, "unanizibia mwangaza."

Nikasogea.

Ijumaa baada ya swala nilirudisha ile kubwa.

"Na redio ya bibi?" Ami aliuliza.

"Imefunguliwa."

Akacheka. "Kitufe kimepona?"

"Bado, Ami. Anasema leo ataifungua tena."