Maiti Mbele ya Bendera

Naandika haya kwa heshima ya askari wetu waliokwenda Abisinia wakati wa vita, na hasa kwa heshima ya mmoja wao, marehemu aliyelala chini ya mikalitusi ya internat yetu, shule ya bweni hapa Bukavu. Marehemu huyo ni mimi.

Mwanzoni, katika mchezo wetu wa kuigiza vita hivyo, nilikuwa sajini. Lakini siku ya mazoezi niliamuru jeshi zima lishambulie jiko la masista, nalo likashinda, bugali haikubaki. Père Benoît, préfet wetu, yaani mkuu wa shule, akanipandisha cheo papo hapo kutoka sajini hadi maiti.

"Venant, maiti haiongei," akaniambia. "Neno moja tu likutoke Jumamosi mbele ya wazazi, unarudi Nyantende kulima mihogo kwa papa yako."

Papa alikuwa ameshanoa jembe tangu bulletin yangu ya kwanza ya alama. Nikaapa kufa vizuri.

Mchezo ulikuwa wa namna mpya. Wazazi hawakupewa viti. Walipaswa kutembea uwanjani katikati ya vita, kama wanakijiji wanaotafuta watoto wao. Mimi nilipatikana na Maman Adélaïde, muuza ndagala, visamaki vikavu, wa soko la Nyawera. Akapiga magoti, akaniweka kichwa mapajani, akalia machozi ya kweli yaliyonidondokea puani.

"Mutoto wangu! Wamemuua na njala pia, angalieni mbavu!"

Nikavumilia. Hata sisimizi aliyeniingia sikioni nilimkaribisha kama mgeni.

Ndipo filimbi ikalia kutoka ofisi ya zone, ya serikali, ng'ambo ya ukuta: bendera inashushwa. Kila mtu wa Zaïre anajua sheria. Unasimama wima palepale, hata ukiwa na mzigo kichwani, mpaka filimbi ya pili. Wazazi wakasimama. Maadui wakasimama. Wafu wenzangu, waoga wale, wakafufuka wote. Mimi peke yangu nikabaki chini, kwa utii ambao mwalimu wangu yeyote angeushuku.

"Simama, weye!" Maman Adélaïde akaninong'oneza. "Citoyen Évariste wa chama iko anatuangalia. Watatufunga!"

Sikujibu. Nilikuwa nimekufa.

"Colette, shika kwapa ile ingine," akamwambia jirani yake wa sokoni.

Wakaniinua. Nikasimama mbele ya taifa huku kichwa kikining'inia na ulimi ukiwa nje, kidogo tu, kwa ajili ya sanaa. Kupitia kope nilimwona Citoyen Évariste akinikazia macho, asijue kama anikamate au anipe pole. Mwishowe akanipigia saluti.

Filimbi ya pili ikalia. Wale mamans wawili, raia wema, wakaniachilia mara moja.

Uso wangu ukakutana na mzizi wa mkalitusi.

"Aiii! Nakufa!"

Père Benoît akaja, kanzu ikipepea.

"Umeongea, Venant."

"Mon père," akadakia Maman Adélaïde, mikono kiunoni, "haukusikia? Anasema anakufa. Ni sasa ndiyo anakufa! Mbele ya kuanguka alikuwa muzima. Sasa maiti iliongea saa ngapi?"

Père akageukia ukuta. Mabega yake yakatikisika muda mrefu kuliko sala ya jioni.

"Basi, Venant," akasema bila kugeuka, "maliza kufa upesi. Watu wanangoja."

Nikamaliza, safari hii kwa damu halisi puani. Maman Adélaïde akakunja kitenge, akapiga magoti, akaendelea kunililia pale alipoachia.