Mpishi wa Darajani

Ijumaa hiyo nilikuwa na mpaka saa kumi alasiri kupata kazi. Kibali changu cha kukaa Juba kilikuwa kinaisha Jumamosi, kukirefusha kulihitaji barua ya mwajiri, na mwajiri sikuwa naye. Hoteli ya mahema niliyoipikia miaka miwili ilikuwa imefungwa wiki sita kabla. Mwenyewe alipanda ndege akatuachia sufuria tugawane. Bila barua, Jumapili ningekuwa kwenye basi la Nimule nikirudi Nyamira, kwa watu wanaojisifu sokoni kwamba Kerubo wao ni mkubwa wa jikoni huko Sudani.

Tumaini lilikuwa moja. Conrad, Mganda aliyefungua hoteli mpya karibu na uwanja wa ndege, alikuwa ameonja chakula changu Jumatano. "Ijumaa nitapiga simu kabla ya saa kumi," alisema. "Usiposhika simu, nachukua yule mwingine." Hakutabasamu, nami nilimpenda kwa hilo. Mtu wa namna hiyo ukimpikia vibaya atakwambia.

Mwaka ule wa 2008 mtu mwenye shughuli zake Juba alitembea na simu mbili, moja ya laini ya Uganda, nyingine ya laini ya Khartoum, na laini hizo zilikuwa hazisikilizani kama wake wenza. Conrad alikuwa na laini ya Uganda. Kwa hiyo simu yangu ya Uganda, ile yenye kamera, niliiweka ndani ya sidiria nikatembea nayo kama hirizi. Ya Khartoum niliiacha nyumbani. Ingenisaidia nini?

Sasa utaniuliza kwa nini sikukaa nyumbani Hai Cinema nikasubiri. Nilijaribu. Kufika saa nne nilikuwa nimefagia uwanja mara tatu na kugombana na jirani kwa sababu ya kamba ya nguo. Hasira zangu ziko karibu kuliko mfuko wangu, na nikisubiri huwa mbaya zaidi. Namukasa, rafiki yangu anayeuza chapati na mayai kwenye kona yetu, ndiye aliyekuja kuzima moto.

"Nyabo, utaua mtu leo," alisema. "Twende Gumbo, ng'ambo ya mto, tukule samaki. Simu iko na wewe. Italia huko kama itakavyolia hapa."

Lazima niseme kweli, wiki zile sita nilizifurahia, na hapo ndipo aibu yangu ilipo. Miaka miwili nilikuwa nimeujua mji huu kupitia moshi wa jikoni. Nilipokosa kazi ndipo nikajua kwamba Amou, mama wa chai pale Hai Cinema, hutwanga tangawizi yake upya kwa kila birika, na kwamba ukikaa naye mpaka birika la tatu anaanza kukusimulia watu. Nilijua kwamba Jumatano jioni kwaya hufanya mazoezi katika kanisa kuu la Kator, na kwamba sauti ya pili ya wanawake hukosea palepale kila wiki na hakuna anayewaambia. Gumbo nilikwenda kutazama malori ya Nimule yakishusha matoke na vitunguu, nikinusa tu. Nilirudi nyumbani nimeshiba bila kununua kitu, nikajilaumu, na kesho yake nikaenda tena.

Wasswa, kijana wa bodaboda, alituvusha daraja sote wawili nyuma yake, akabaki kutusubiri. Tulikula samaki wa kukaanga ng'ambo, kando ya barabara, mimi simu ikiwa pajani, skrini juu. Saa saba ikapita. Saa saba na nusu ikapita. Namukasa alikuwa amevaa kofia mpya ya kanisani, ya zambarau, yenye wavu mbele.

"Nipige picha moja," alisema. "Mama yangu Masaka hajaona hii Nile ya huku. Anafikiri mimi nakaa jangwani."

Hapa ndipo nilipofanya ujinga ambao mtu mwenye kazi Juba hawezi kuufanya. Kila mgeni anajua kwamba Juba hupigi picha barabarani bila karatasi ya wizara, na daraja ndilo la mwisho kabisa. Tangu vita, daraja hilo ni moja tu, na wanaolilinda wamezika wenzao kwa ajili yake. Mwenye kazi hupita pale akitazama mbele. Mimi nilikuwa nimezoea wiki sita za kutazama vitu kwa sababu ni vizuri. Nilimsimamisha Namukasa kwenye ukingo, nikamwambia ainue kidevu, nikabonyeza. Nyuma ya kofia ya zambarau kulikuwa na maji, na nyuma ya maji vyuma vyote vya daraja.

"Sura mamnu," sauti ilisema nyuma yangu. Picha ni marufuku.

Walikuwa askari wawili. Mrefu alikuwa sajini, Chol, mwenye Kiswahili cha Kakuma alikokulia ukimbizini. Mfupi aliitwa Matiya, naye alikuwa amejifunza chake Arua, Uganda.

"Wewe iko napiga daraja," Matiya alisema.

"Napiga kofia," nilijibu, na hilo jibu lilikuwa la hasira, na Chol alilisikia. Alinyosha mkono. Nikaitoa simu. Aliitia mfuko wa shati lake na kufunga kifungo.

"Afisa anakuja," alisema. "Yeye ndiye ataamua. Karatasi zako ziko wapi, mama?"

Nilimpa kibali. Alisoma tarehe, akahesabu kwa midomo. "Hii inaisha kesho. Unafanya kazi wapi?"

Mgeni mwenye kazi huitiwa bosi wake, bosi huja na gari, mambo huisha. Mimi nimwite nani? Namukasa alipiga magoti palepale mchangani na kofia yake, akaomba msamaha kwa Kiganda, Kiarabu cha Juba na Kiingereza. Chol alimwambia ainuke aende zake, kwa sababu aliyeshika simu ni mimi. Alikataa kuondoka. Alikaa kando ya barabara na Wasswa, akilia ndani ya wavu.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wahenga walisema, na kamba yangu ilikuwa saa ya ukutani ndani ya kibanda cha wale askari. Saa nane na robo. Nilimweleza Chol yote: kazi, Conrad, saa kumi. Alinisikiliza vizuri, bila dharau.

"Malesh, pole mama," alisema. "Simu ni ushahidi. Siwezi kukupa. Afisa anakuja sasa hivi."

Hiyo "sasa hivi" ilifika saa tisa bila afisa. Nilikaa kwenye jerikani nikitazama ule mfuko wa shati, ambamo hata namba ya Conrad ilikuwa imefungiwa. Nilimchukia Namukasa na kofia yake, nikajichukia mimi, nikamchukia hata mama wa Masaka ambaye sijawahi kumwona.

Kisha nikasikia harufu. Nyuma ya kibanda Matiya alikuwa akisonga asida, ugali wao, kwa maji ambayo hata hayakuwa yamechemka, na sufuria ya pili, ya dengu, ilikuwa inashika chini. Nilivumilia dakika mbili. Haki ya Mungu nilijaribu. Lakini dengu zikianza kuungua mimi ni kama mama anayesikia mtoto akilia nyumba ya jirani.

"Toa hiyo motoni," nilisema.

Matiya alinitazama.

"Toa! Unaunguza chakula cha watu."

Akaitoa. Nikavua kitenge changu cha juu, nikajifunga kiunoni. Nilihamisha dengu bila kukwangua chini, nikamwomba Namukasa vitunguu na nyanya kutoka barabarani, nikasaga karanga kwa chupa. Asida niliimwaga nikaanza upya. Wala sitasema ilikuwa hasira ya jiko peke yake. Nilikuwa nimekaa Juba vya kutosha kujua kwamba askari wa huku hafungi mtu aliyekula naye sinia moja. Ningemaliza kabla ya saa kumi, tule, kifungo cha shati kifunguliwe. Nilisonga ule ugali kwa mikono miwili nikitazama saa kwa jicho moja.

Saa tisa na dakika arobaini simu ililia.

Ililia ndani ya shati la Chol, wimbo wote niujuao. Asida ilikuwa imefika pale ambapo ukiiacha imekufa. Niliiacha. "Sajini, ni yeye," nilisema. "Nakuomba. Nishikie sikioni tu, sitaigusa."

Alifungua kifungo. Alitazama skrini, akanitazama mimi na mwiko wangu, akafikiri. Kisha akageuka, akaiweka kwenye sikio lake mwenyewe.

"Aiwa," alisema. "Hapana, si Kerubo. Huyu ni Sajini Chol, wa daraja. Kerubo yuko hapa, yuko kazini. Anapikia askari. Ndiyo, ndiyo, ni mpishi wetu. Mpishi mzuri sana. Kalas, basi."

Akakata. Akanigeukia akiwa amejaa furaha.

"Nimekulinda," alisema. "Singeweza kumwambia bosi wako umekamatwa. Angekuonaje?"

Nilirudi kwenye asida kwa sababu mikono yangu haikujua pa kwenda. Nilitaka kumpiga na ule mwiko, na papo hapo niliona kwamba yule mtu alikuwa amenifanyia wema mkubwa kadiri alivyojua wema. Nililia kidogo. Moshi ulinisitiri.

Afisa hakuja. Tulikula sinia moja, mimi, Chol, Matiya, Namukasa na Wasswa, na Matiya alikula kama mtu aliyerudi nyumbani. Chol akanawa mikono, akafuta picha ya kofia mbele ya macho yangu, akanipa simu. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nne. Nilipiga.

"Madam," Conrad alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, kama anaongea mahali penye mgonjwa. "Kwa nini hukuniambia uko na wale watu?"

"Siko nao. Nilikamatwa na picha ya daraja, wakaninyang'anya simu, nikawapikia tu."

"Wakakukamata, ukawapikia. Madam, mimi ni mgeni hapa. Mimi iko na hoteli mpya, iko na leseni. Mimi siwezi kuiba mpishi ya jeshi. Kesho watakuja kuniuliza."

"Conrad, nakuapia."

"Mimi nachukua yule mwingine. Tusisumbuane."

Nilikuwa nimesema kwa sauti, na Chol alikuwa amesikia upande wangu wote. Uso wake ulibadilika pole pole alipoelewa alichofanya. "Nipe," alisema, akanyosha mkono kama alivyonyosha mara ya kwanza.

Nilijua kitakachotokea. Hilo sitalificha. Nilijua sauti ya sajini wa daraja itasikikaje katika sikio la mgeni mwenye leseni. Niliona pia basi la Nimule, na mama yangu sokoni Nyamira, na wale watu aliowajazia masikio. Ningeweza kusema hapana, asante. Nilimpa simu.

"Ni Chol tena," alisema, kwa upole kabisa. "Sikiliza. Huyu mama si wetu. Sisi tunataka yeye apate kazi kwako. Ni mtu mzuri. Jumatatu nikipata nafasi nitapita hapo kumsalimia, nione amefika salama." Alisikiliza, akatabasamu, akanirudishia simu. "Amekubali. Ni mtu mzuri pia."

"Jumatatu, madam," Conrad alisema. "Njoo saa unayotaka."

Hakuna meneja duniani anayemwambia mpishi aje saa anayotaka. Namukasa alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka, nami nilicheka naye.

Jumamosi asubuhi niliifuata barua ya kibali, na Conrad alinipa kabla hata sijaingia langoni, na alipoinyosha alitazama nyuma yangu kuona nani kanileta. Chol hakuja Jumatatu, wala wiki ile, wala iliyofuata, nadhani walimhamisha. Lakini gari la kijeshi likipunguza mwendo nje, Conrad alinyanyuka kitini. Wapishi wenzangu wakizidisha mafuta aliwafokea hadi wageni wakageuka. Mimi alinisalimia kwa mikono miwili. Mara mbili nilijaribu kumweleza tena habari ya kofia, na mara zote mbili alitikisa kichwa haraka na kusema hakuna shida, yeye hajauliza kitu.

Jumatatu ya tatu nilitia vijiko vitatu vya chumvi vya ziada katika supu ya samaki, makusudi, nikampelekea mezani mwenyewe, nikasimama kando. Nilitamani anifokee. Nilitamani hata anifukuze. Aliinywa yote mpaka chini ya bakuli, akashushia glasi mbili za maji, akafuta midomo.

"Iko tamu sana, madam," alisema. "Salimia wale wa darajani."