Mshono wa Juujuu

Watu walimwita Lehemu kwa sababu alianza kazi kwa kuziba kwa lehemu ndoo na birika zilizotoboka. Baadaye alijifunza kuchomelea kwa umeme, akawa anatengeneza mageti na madirisha, lakini jina lilishamganda. Kwa miaka ishirini na mitatu hakuna geti lake lililowahi kurudishwa, na alipenda kulisema hilo hata pasipo kuulizwa.

Dada yake mdogo aliolewa na seremala wa mapaa, mtu mrefu mwenye maneno mengi. Mashemeji hao wawili walitaniana tangu siku ya posa. Seremala alisema chuma ni mti uliokosa malezi. Lehemu akamjibu kuwa mbao ni chakula cha mchwa, kinangoja wageni tu.

Dada na mumewe walipohamia ghorofa ya pili, varanda yao haikuwa na kizuizi. Lehemu akawatengenezea, zawadi kutoka kwake: mabomba ya mraba na nguzo sita, kila nguzo imechomelewa juu ya bamba nene lililofungwa sakafuni kwa bolti.

Miezi minane baadaye, Jumamosi asubuhi, seremala aliegemea kizuizi kile ili amwite muuza maji aliyekuwa akipita chini. Nguzo mbili za pembeni zikang'oka. Akaanguka mpaka uani. Hakufa. Uti wa mgongo ndio uliovunjika, na daktari akasema miguu ile haitasimama tena.

"Mungu ndiye aliyepanga, kaka," dada alimwambia hospitalini. Majirani wakasema vivyo hivyo. Mwenye nyumba akasema ni kutu. Lehemu hakumkubalia wala hakumkatalia.

Wiki iliyofuata alibeba mashine yake akaenda kukirekebisha kile kizuizi. Aliinamisha nguzo ya kwanza akaitazama chini. Mshono ulikuwa mzima. Ulikuwa mzuri hata, umepangika kama magamba ya samaki, ila ulikuwa umebanduka kwenye bamba kama chapati inavyobanduka kwenye chuma cha moto. Mshono wa kweli huyeyusha pande zote mbili mpaka ziwe kitu kimoja. Ukiulazimisha, hupasuka chuma chenyewe, si kiungo. Hapa bomba lilikuwa limeyeyuka, lakini bamba, kwa unene wake, halikushika moto wa kutosha. Chini ya mshono kutu ya zamani ilionekana bado, nyekundu, haijaguswa na brashi.

Siku aliyokitengeneza aliikumbuka vizuri. Umeme ulikuwa mdogo, unapanda na kushuka, na nguzo mbili ndizo zilizobaki. Wakwe wa dada yake walikuwa njiani kuja kuiona nyumba, naye alitaka wakute kazi imekwisha na imepakwa rangi. Alijua bamba lile lilitaka kusuguliwa kwanza. Alijua pia kwamba angeweza kurudi kesho yake. Akapitisha moto juujuu, akasawazisha kwa grenda, akapaka rangi nyeusi. Hakuna siri ambayo rangi haiwezi kuitunza.

Safari hii alisugua mpaka chuma kikang'aa, akachonga kingo ili moto uingie mpaka ndani, akachomelea, akagonga kwa nyundo, akaning'inia kwa uzito wake wote. Dada alimletea chai akiwa bado ameshikilia.

"Kitashika, kaka?"

"Kitashika."

"Hata kile cha kwanza ulisema hivyo," dada alisema, bila ubaya wowote, kama mtu anayekumbuka tu. Akaingia ndani.

Seremala aliporudishwa nyumbani, Lehemu akawa anakwenda kila asubuhi kumgeuza na kumwogesha, maana dada alilazimika kuwahi sokoni. Seremala aliendelea na utani. Alisema sasa amekuwa mbao kweli, bado mchwa tu. Lehemu alikuwa akicheka, kisha anakwenda kumwaga maji machafu na kukaa huko nje muda mrefu kuliko maji yenyewe yalivyotaka.

Wiki ya nne alishindwa kuvumilia. Alikuwa akimkausha mgongo.

"Shemeji, haikuwa kutu."

"Nini?"

"Kizuizi. Haikuwa kutu. Ni mimi."

Akamweleza yote: umeme, bamba, haraka, rangi. Seremala alikuwa ameelekea ukutani, wala hakugeuka, kwa kuwa hakuweza kujigeuza.

"Yaani ni kama kupaka gundi juu ya vumbi," alisema mwishowe.

"Ndiyo hivyo."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Huko chini mtu alikuwa akitwanga kitu kwenye kinu.

"Dada yako usimwambie," seremala alisema. "Mume amebaki nusu. Ukimwambia, na kaka hatakuwa naye. Atabaki na nani?"

"Nisamehe, shemeji."

"Nigeuze. Halafu nenda."

Alimgeuza, akamfunika, akaenda. Kesho yake alirudi, akamwogesha, na seremala hakusema neno, hata moja la utani. Keshokutwa yake vivyo hivyo. Ilikuwa kama kuogesha maiti yenye macho. Siku ya sita seremala alimwambia kwa sauti ya chini, "Kila ukinishika naisikia ile nguzo ikiondoka. Usije tena."

Lehemu hakwenda tena.

Baada ya siku kumi dada alimfuata karakanani. Alikuwa amekonda, na kanga ameifunga vibaya. Alisimama katikati ya mageti yaliyokuwa yakisubiri rangi.

"Kaka, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi yeye amekukosea nini? Namuuliza, ananyamaza. Nakuuliza wewe, unaangalia chini. Mgongo umeanza kutoka vidonda, mimi peke yangu siwezi kumwinua. Wewe ndiye uliyesema hospitalini kwamba tutashikana."

Lehemu alifungua kinywa. Maneno yalikuwa pale pale, tayari, machache tu. Akalikumbuka lile swali la seremala: atabaki na nani? Akafunga kinywa.

"Kazi zimenibana, dada," alisema.

Dada alimtazama kitambo, kama anayemtafuta mtu mwingine ndani yake asimwone.

"Sawa," alisema. "Nimeelewa."

Alipotoka alipita karibu naye sana, lakini hakumgusa. Lehemu alishusha kinyago usoni, akawasha mashine, akabaki ameshika fimbo ya kuchomelea hewani, bila kuigusisha na chuma chochote. Mashine iliendelea kunguruma mpaka mteja mmoja akaingia, akauliza kama geti lake liko tayari.