Mafuta ya Korosho kwenye Pini za Mwajuma

Marehemu mke wangu, Mwajuma, aliacha kicheza muziki kidogo, kile cha zamani chenye mdomo mpana wa pini nyingi. Kioo kilishapasuka, na tundu la spika za masikioni lilikufa. Lakini aliwahi kuniambia, "Humu nimerekodi kitu, siku moja utakisikia." Picha zake ninazo. Sauti yake sina.

Kwa hiyo nikakitunza. Hapa Msimbati chumvi hula hata misumari, nami hujiona mjuzi wa kutu. Nikakipaka mdomoni mafuta ya maganda ya korosho, yale tunayopaka ngalawa zisiliwe na wadudu. Nilipaka mara mbili, nisije nikalaumiwa.

"Mzee, humu umepaka nini?" aliuliza Felista, fundi simu wa Mtwara mjini, nilipompelekea aitoe sauti hiyo.

Nikamwambia, kwa fahari kidogo.

"Ya ngalawa?"

"Mbao zangu hazijawahi kuoza."

"Na hiki ulitaka kukivulia samaki?"

Nikamwonyesha kwamba kikichomekwa taa inawaka, maana yake ni kizima. Akanivumilia.

"Pini hizi zinaingiza umeme, nazo bado zinagusa. Hizi mbili ndizo zinazopitisha data, umezifunika kabisa. Kinashiba vizuri, ila hakisemi na kompyuta."

Binti yangu Husna husema hivyo hivyo juu yangu tangu msiba.

Alisugua kwa mswaki na spiriti karibu nusu saa. Mimi nilishika ukingo wa meza kana kwamba ninasaidia. Mara kompyuta ikalia, kikaonekana. Faili la sauti lilikuwa moja tu, dakika nane.

Kwanza ilitoka ngurumo. Felista akakagua spika zake. Ngurumo ikakatika, ikaanza tena, safari hii na mluzi juu yake.

"Mashine ya kukoboa hii?"

Nilijua si mashine. Miaka ishirini na sita nilimwapia Mwajuma kwamba sikoromi.

Mwishoni kabisa ndipo alipokuja, karibu sana, akijizuia kucheka: "Haya, Baba Husna, kesho ukatae tena." Kisha akacheka. Sekunde sita.

"Nikukatie kipande cha mama peke yake?" Felista aliuliza taratibu.

Nikakataa, akanihamishia yote kwenye simu. Sasa kila siku baada ya alasiri hukaa barazani na kusikiliza tangu mwanzo, bila kuruka, nikimngojea.

Majirani hupita wakinyata. Wanadhani nimelala.