Shibe ya Fusi

Melenaite alikuwa na wivu na mdogo wake, Fusi, na hakuwa na haja ya kuutafutia jina jingine. Fusi alikuwa mnene wa kupendeza, na kijiji kizima cha Kolovai, kule visiwa vya Tonga, kilimpenda vivyo hivyo. Siku ya ngoma za kanisa, mafuta ya nazi yalimng'aa mabegani na watu wakashangilia kabla hajainua mkono. Melenaite, ambaye ndiye mkubwa, alikonda hata mishipa ikamtoka miguuni, na kazi yake ikawa kutandika mikeka. Mkeka wa bibi yao, ule wa kufunga kiunoni siku za heshima, ulimkaa Fusi sawasawa; yeye ulimzunguka mara mbili na bado ukateleza.

Kilichomchoma zaidi ni sukari. Alikuwa nayo tangu usichana, ini nalo likavimba, na insulini aliyochomwa ilikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa. Fusi, na mwili wake wote ule, alipimwa akakutwa mzima. Haki iko wapi hapo?

Mwaka huo hospitali ya Nuku'alofa ilipata daktari mpya, Vailea, Mtonga aliyesomea ng'ambo. Alimfinya Melenaite mkono, tumbo na paja, akakuta ngozi na misuli tu. Fusi ndiye aliyeendesha gari, kwa hiyo alikuwapo, na daktari akawaeleza wote wawili kwamba mafuta ya chini ya ngozi ni ghala. Asiye na ghala, chakula chake huzagaa kwenye damu na kujazana kwenye ini. Tena mafuta hayo ndiyo yanayopeleka habari kichwani kwamba mtu ametosheka. Siku hizi habari hiyo inatengenezwa, inachomwa kwa sindano, na ikimkubali mgonjwa sukari hushuka. Ila dawa yenyewe ni adimu, haitolewi kwa kubahatisha.

"Njaa yako ikoje?" aliuliza daktari. "Tangu utotoni."

Melenaite alimtupia Fusi jicho. Aseme kweli mbele ya huyu? Bora afe.

"Ya kawaida tu. Mimi nadonoa kama ndege."

Daktari akaweka kalamu chini, akasema basi huenda ni ugonjwa mwingine, watafute upya.

"Daktari, usimsikilize," Fusi alisema. "Mazishi ya babu, sinia zima la lū lilikwisha jikoni wageni hawajaketi. Nyama, tui, mpaka majani ya magimbi. Nikachapwa mimi, kwa ufagio wa chelewa. Nguruwe wa Krismasi, nikachapwa mimi. Nani amshuku mwembamba?"

"Ulijua?" Melenaite aliuliza.

"Tulilala mkeka mmoja, dada. Ulikuwa unatafuna huku unalia."

Aibu ilimpanda, lakini shukrani haikuja. Ulikuja wivu. Hata wema nao alikuwa nao huyu.

Dawa ilipatikana. Akachomwa kila siku, na sukari ikaanza kushuka, pole pole, hata daktari akatabasamu. Jumapili moja walifukua chakula kwenye tanuri la ardhini, wakaketi, na Melenaite akala kama kawaida yake. Nusu ya sahani mkono ukasimama. Aliogopa, akadhani anaumwa. Nyama ipo, viazi vikuu vipo, naye havitaki.

"Vipi, dada, mbona huli?"

"Nimeshiba."

Neno hilo alikuwa amelisema maisha yake yote kwenye karamu za watu, kwa adabu, na kila mara lilikuwa uongo. Alimtazama Fusi, aliyekwisha kunawa zamani na sasa anacheka na watoto.

"Na wewe unakuwaga hivi?" aliuliza. "Kila ukila?"

"Kila nikila. Si ndiyo kushiba kwenyewe?"

"Hata siku zile ulizochapwa?"

"Nilichapwa, nikalia, nikalala," Fusi alisema. "Tumbo lilikuwa limetulia."

Melenaite aliisukuma sahani, akageuza uso. Wivu alioonea ngoma, mabega na mkeka wa bibi, wote ulikuwa mchezo wa watoto mbele ya huu.