Avoka wa Amerika Apima Buhene

"Papa Havugimana, hapa ni pangu. Hata volkano inajua."

"Volkano ilisaini karatasi gani, mama Émérance? Parcelle yangu, kiwanja hiki, ni hatua makumi mbili toka barabara, wewe uko nyuma yangu. Nimepima. Jiko lako liko kwangu, ulitoe."

Majirani walikwisha jaa. Mwaka mzima lava ilikuwa imefunika mipaka yote, na jiko lile la mabati ndilo lililomlisha Émérance; waliokimbia vita Kibumba walikula humo sombe yake ya majani ya muhogo.

Bahati nzuri Bibiche, mtoto wa dada yake, alikuwa hapo likizoni. Huyo alikimbia waasi wa vita vya kwanza akiwa mdogo, akafika Amerika, akawa avoka, wakili wa mahakamani, kisha raia wakampigia kura mara tatu awe procureur, mwendesha mashtaka. Buhene nzima ilicheka.

"Procureur anaomba kura? Uligawa fulana?"

"Hata moja."

"Basi walikuchagua bure."

"Kata neno, mutoto wangu," Émérance alisema, akijiona ameshinda.

"Siwezi, tantine. Kule, kesi ikiwa ya ndugu yangu, dosiye naachia mwingine."

Émérance akamgeuzia mgongo. Kuvuka bahari yote ili kumwacha peke yake!

Lakini Havugimana alikunjua uso. "Usikate. Uliza tu."

"Mulianza kupima wapi?"

"Kwa barabara."

"Barabara gani?"

Watu wakageuka kuitazama. Tingatinga lilikuwa limechonga barabara mpya juu ya lava, popote lilipoweza kupita. Ile ya zamani ilionekana bado huku na huku, mahali lava iliposimama. Wakavuta kamba toka kipande kimoja cha ile ya zamani hadi kingine, Havugimana mwenyewe akiishika, Bibiche amekaa mikono mapajani. Kisha mzee akahesabu hatua zake kwa sauti. Ya ishirini ikaishia kabla ya kufika jiko. Akarudia. Ikaishia palepale.

"Liko kwake," alisema polepole. "Barabara mpya ndiyo imekula hatua zangu nne."

Émérance alivuta pumzi, akashika bati la jiko lake kama anayelisalimia.

"Hiyo ni dosiye na komine, serikali ya hapa," Bibiche alisema, "na komine si ndugu yangu. Nitakuandikia barua ya kuwapelekea, papa."

"Leo hii?"

"Barua itangoja," Émérance alisema, akifungua mlango wa jiko. "Ingia kwanza, papa Havugimana. Sombe iko moto."